Tippu Tip: mfanyabiashara aliyelipa madeni Zanzibar, gharama ikabaki Urua

Kijana wa Kabalo anayeanza biashara leo akifungua kitabu cha kufundisha biashara, atakutana na ushauri uleule: lipa deni lako, tunza jina lako, mkirimu mgeni. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, katika nchi hiihii ya mto Lualaba, kuna mtu aliyeyafuata hayo yote. Alitajirika, kisha akasimulia kwa Kiswahili namna alivyofanya.

Jina lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mwenye makazi karibu na Tabora. Hamed mwenyewe alianza na sandarusi pwani akiwa na miaka 12, akiambatana na ndugu zake.

Bado kijana, alivuka Ziwa Tanganyika na kuingia Urua, jina ambalo watu wa pwani waliipa nchi ya Waluba, ambayo Kabalo ya leo imo ndani yake. Wenzake walitaka pembe kubwa za ndovu. Yeye aliona pembe kubwa ni ghali, akanunua ndogo. Hesabu yake ilimlipa. Hakuna mwalimu wa biashara ambaye asingempongeza.

Mtaji wake ulikuwa mali kauli, yaani bidhaa za kukopa ambazo hulipwa baada ya safari. Nguo, shanga na baruti zilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, na aliyemwamini zaidi ni Tharia Topan. Mkopo wa namna hiyo ulisimama juu ya jina la mtu. Tippu Tip aliondoka pwani karibu mwaka 1870 na hakurudi hadi 1882. Kwa miaka 12 Tharia alikuwa na ahadi tu mkononi. Angeweza kupotelea bara na mali ya watu, kama walivyofanya wengine. Alirudi na pembe, akafunga hesabu.

Ukarimu nao alikuwa nao. Mwaka 1867 David Livingstone, akiwa hana mali wala afya, alikutana na msafara wake upande wa kusini mwa Ziwa Tanganyika. Tippu Tip alimsaidia bila kudai malipo. Mskoti huyo alikuwa adui mkubwa wa biashara ya watumwa, na inashangaza kidogo kwamba miezi kadhaa ya safari yake ilitegemea hisani ya wafanyabiashara haohao.

Lakini pembe hizo zilipatikanaje? Mwaka huohuo wa 1867 alipigana na chifu Nsama wa Itabwa. Kwa maelezo yake, Nsama ndiye aliyeanza kwa hila. Bunduki zilipomaliza kazi, Tippu Tip alichukua frasila 1,950 za pembe, zaidi ya tani 30. Hazikununuliwa. Na pembe hazina miguu: zilifika pwani juu ya mabega ya wapagazi, wengine wao mateka waliokuja kuuzwa pamoja na mzigo waliobeba.

Kisa cha Utetera, magharibi mwa Lualaba, kinaeleza zaidi. Tippu Tip alisikia kwamba dada wawili wa chifu Kasongo Rushie walitekwa zamani katika vita vya Urua na hawakuonekana tena. Akajitokeza kwa mzee huyo akidai kuwa ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee alimwamini, akamwachia utawala, na pembe zikafuata. Wanahistoria wengi wanaona undugu huo ulikuwa wa kutunga. Msomaji makini wa kitabu chake ataona pia kwamba aliisikia habari kwanza, ndipo undugu ukapatikana. Mtu ambaye asingethubutu kumdanganya mkopeshaji wake wa Zanzibar alimdanganya mzee aliyekuwa akiomboleza dada zake, na analisimulia jambo hilo kama ushindi.

Alipodhulumiwa yeye, alijua kulalamika. Mwaka 1876 alikubaliana na Henry Morton Stanley kumsindikiza kuteremka Lualaba kwa dola 5,000, kwa vituo 60 vya safari. Hakuufikisha mwisho mkataba huo na malipo yakapunguzwa. Hata hivyo, alilalamika kwamba Stanley alimwahidi zawadi kubwa, akaishia kumtumia picha yake.

Mwaka 1887, kwa makubaliano yaliyopitia kwa Stanley huyohuyo, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilimfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alirejea Zanzibar miaka michache baadaye. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya dola hiyo na wafanyabiashara wa Manyema vilimaliza milki aliyoiacha, na mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893. Wenyeji walikuwa upande huu na upande ule, na walikufa pande zote mbili.

Uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za Kiswahili, na imejaa bei, uzito wa pembe na majina ya waliomkopesha. Majina ya wapagazi ni machache mno.

Zanzibar ilifuta hali ya utumwa kisheria mwaka 1897. Tippu Tip wakati huo alikuwa na mashamba saba, na inatajwa kuwa watumwa wake walifikia 10,000. Sheria hiyo iliweka fidia kwa mabwana waliopoteza watumwa. Walioachwa huru hawakupangiwa kitu. Alifariki nyumbani kwake Mji Mkongwe Juni 1905, na nyumba hiyo ingali imesimama mtaa wa Shangani.