Paul Panda Farnana, Mkongomani aliyerudi kwao

Ukurasa huu wa watu wa zamani tunaupatia safari hii Paul Panda Farnana. Wengi wanamjua kwa sababu ya masomo: anahesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu huko Ubelgiji. Sisi tumemchagua kwa sababu ingine. Alianzisha umoja wa kusaidiana wa watu waliokuwa mbali na kwao, halafu akarudi.

Alizaliwa 1888 Nzemba, karibu na Banana, pale mto Kongo unaingia baharini. Mwaka 1900, akiwa na miaka 12, ofisa mmoja Mbeleji, Jules Derscheid, alimpeleka Ulaya na kumwachia dada yake Louise amlee. Nchi ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold wa pili. Wakati babu zetu walikuwa wanasukumwa msituni kutafuta mpira, huyu mtoto alikuwa amekaa kwenye banki ya shule Ixelles. Akasoma kilimo na bustani Vilvoorde mpaka 1907, akaongeza kilimo cha nchi za joto Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Mwaka 1909 Leta ikamwajiri. Akatumwa kwenye bustani kubwa ya miti na mimea ya Eala, karibu na mji tunaouita leo Mbandaka. Muone kidogo: agronomu mweusi, mwenye diploma, katikati ya Wazungu wa 1909.

Vita ya 14-18 ilimkuta Ubelgiji. Akajiandikisha pamoja na Wakongomani wengine waliojitolea, chini ya Kanali Chaltin, yule yule aliyepigana na Waarabu kwenye Lualaba mwaka 1893. Mwezi wa nane 1914 Wajerumani waliteka Namur, na Panda akakamatwa. Alibaki mufungwa mpaka vita ilipokwisha, zaidi ya miaka mine.

Akatoka. Na malipo yake? Mwaka 1919 gazeti moja la askari wa zamani liliandika kwamba hawa Wakongomani warudishwe tu chini ya migomba yao, kule njo mahali pao. Mtu aliyekula ufungwa kwa ajili ya nchi ile anasoma maneno kama hayo! Panda akachukua kalamu, akajibu. Na tarehe 30 ya mwezi wa nane mwaka ule, yeye na wenzake wakaanzisha Union Congolaise. Jina lake refu lilitaja kazi mbili: kusaidiana, na kuinua tabia na akili za Wakongomani. Wamemba hawakuwa watu wakubwa: mabaharia, maboyi wa nyumba, askari wa zamani. Watu wa kuchanga kidogo kidogo, kama sisi.

Mwezi wa kumi na mbili 1920 alisema mbele ya mkutano mkubwa wa mambo ya koloni, Bruxelles. Aliomba Wakongomani wasomeshwe, na wapate sauti katika mambo ya nchi yao.

Mwaka uliofuata akaingia katika nyumba moja ambayo lazima tuieleze. Ilikuwa Bruxelles, kwenye majumba ya Cinquantenaire, na iliitwa Palais Mondial. Wenyewe walikuwa Wabeleji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine. Tangu 1895 walikuwa wanaandika kila kitabu cha dunia kwenye kikarata kidogo, na vikarata vinapangwa ndani ya masanduku kwa namba za mafundisho: dini yake, kilimo yake, Afrika yake. Ukiwa mbali, unaandika barua na ulizo lako. Makarani wanatafuta, wanakunakilia vikarata, wanakutumia, unalipa kadiri ya wingi. Mwaka 1912 maulizo yalipita 1,500. Kufikia miaka ya 1930 vikarata vilipita milioni 12. Kwa mtu asiye na maktaba karibu, hiyo ni dawa. Lakini lazima ujue kuandika hiyo barua, na Mkongomani wa wakati ule, nani alimfundisha?

Ndani ya nyumba hiyo, kuanzia 31 mwezi wa nane mpaka 2 mwezi wa tisa 1921, Du Bois wa Marekani alikusanya mkutano wa watu weusi wa dunia, baada ya kikao cha London. Panda alikuwemo, akasema juu ya Kongo. Magazeti ya wakoloni yalianza kuwashuku kuwa wafuasi wa wakomunisti. Wakati wa kupitisha azimio, Blaise Diagne wa Senegal, aliyeongoza kikao, aliweka pembeni maneno makali yaliyotoka London, akapitisha mengine laini ambayo Otlet alikuwa ameyaleta. Kwa maoni yetu, mwenye nyumba alikuwa na roho nzuri, lakini siku ile alichagua kutomkasirisha Leta.

Na Leta haikumshukuru. Mwaka 1924 serikali ilimtolea Otlet vitu vyake nje ili ipate mahali pa maonyesho ya biashara ya mpira. Ndiyo, mpira! Alirudi, lakini 1934 wakafunga mlango kabisa.

Panda hakuuona mwisho ule. Mwaka 1929 aliacha Ulaya akarudi Nzemba. Hapa hakuna aliyemrudisha. Alijipandisha mashua mwenyewe, na akili yote aliyokusanya. Kijijini akaanzisha shule na mashine ya kukamua mafuta ya ngazi, vyote viwili. Wamemba waliowahi kurudi mikono mitupu mpaka kwenye kiwanja kilichomea majani watafahamu kwa nini hakuanza na kimoja tu: shule bila mafuta inafungwa mwisho wa mwezi, na mafuta bila shule yanabaki kuhesabiwa na mtu mwingine.

Alipata mwaka mmoja tu. Alikufa Matadi tarehe 12 mwezi wa tano 1930, akiwa na miaka kama 42. Universite ya kwanza ya Kongo, Lovanium, ilifunguliwa 1954, miaka 34 baada ya yeye kusimama Bruxelles kuomba masomo.