Mwenyeheri Nikolao Steno na Ukurasa wa Kushoto



Leo tumwangalie mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia akitajwa parokiani, ingawa ukienda chuo kusomea miamba huwezi kumkwepa. Lakini kwanza niungame kitu.

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanyia Handeni. Paroko akaniomba nisaidie vipindi vya sayansi katika shule moja yenye upungufu wa walimu. Digrii yangu ni ya falsafa, kwa hiyo usiku nilikuwa nasoma kile nitakachofundisha asubuhi. Mwalimu mmoja aliyesomea ualimu Korogwe akanionyesha namna ya kutumia daftari pande mbili. Ukurasa wa kulia mwanafunzi anaandika notisi za mwalimu. Wa kushoto ni wake mwenyewe: anachora, anabandika jani, anaandika alichokiona na asichokielewa. Njia hiyo niliipenda sana.

Siku ya kusahihisha nikafika kwenye daftari la binti mmoja wa kidato cha pili. Upande wa kushoto alikuwa amechora ukingo wa korongo lililo nyuma ya kwao: mchanga juu, kokoto katikati, udongo mwekundu chini. Pembeni ameuliza ni lipi kati ya hayo lilitangulia kufika pale. Swali halikuwa kwenye mada, na mtihani ulikuwa umekaribia. Nikapiga mstari mwekundu na kuandika aache kupoteza kurasa. Kuanzia wiki ile, ukurasa wake wa kushoto ukabaki mweupe.

Miezi kadhaa baadaye ndipo nikakutana na Nikolao Steno, nikaona aibu.

Kwao aliitwa Niels Stensen. Alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, mtoto wa sonara, katika familia ya Kilutheri. Utotoni aliugua kwa miaka, na baba yake akafariki yeye akiwa bado mdogo. Akiwa shuleni tauni iliua wanafunzi wenzake wengi. Akaingia chuo kikuu kusomea udaktari, halafu vita ikaja: jeshi la Sweden likauzingira mji, na wanafunzi wakapelekwa kulinda kuta.

Hebu fikiria, masomo yamevurugika na mji umezingirwa. Kijana huyu wa miaka 21 alifanya nini? Alifungua daftari. Mwaka 1659, kuanzia Machi hadi Julai, alijaza kurasa karibu 90 kwa maandishi madogo madogo. Alianza kwa jina la Yesu, kisha akalipa daftari lake jina la Chaos, yaani vurugu tupu. Ndani yake kuna aliyoyanakili kutoka vitabu vya wakubwa kama Galileo na Descartes, na kando ya hayo kuna ya kwake: mashaka, maswali, michoro ya chembe za theluji alizoziangalia mwenyewe. Kuna pia sala, na mahali anapojikaripia kwa kutapanya muda. Hakuwa na daftari moja la masomo na jingine la Mungu. Daftari hilo lipo mpaka leo, limehifadhiwa katika maktaba ya Firenze, Italia.

Tabia ile ya kuangalia kwanza ndiyo iliyombeba. Mwaka 1660 alikwenda Amsterdam, akanunua kichwa cha kondoo akakipasua peke yake. Akaona mrija unaopeleka mate mdomoni, ambao vitabu havikuwa vimeueleza. Mwalimu wake akadai kwamba ugunduzi ule ni wa kwake, na ugomvi ukawa mkubwa. Leo madaktari wanauita mrija huo kwa jina la Stensen.

Baadaye akauchunguza moyo. Descartes, ambaye sisi wa falsafa tunamsoma kwa heshima zote, alifundisha kwamba moyo ni kama tanuru linalochemsha damu. Steno akaukata moyo, akafuata nyuzi zake moja moja, akaona ni msuli kama msuli mwingine wowote. Jambo hili lilimtikisa. Kama mtu mwenye akili nyingi namna ile amekosea kwenye kitu kinachoshikika kwa mkono, je, katika mambo ya roho tumfuate tu kwa sababu anaongea kwa uhakika? Mimi swali hili linanihusu moja kwa moja. Nimekaa miaka mitatu nikijifunza kuongea kwa uhakika.

Mwaka 1666 alikuwa Italia. Wavuvi karibu na Livorno walivua papa mkubwa ajabu, na kichwa chake kikapelekwa kwa Steno akipasue. Akaona meno ya papa yanafanana kabisa na vijiwe ambavyo watu waliokota milimani na kuviita ndimi za mawe. Sasa meno ya samaki yamefikaje ndani ya mwamba? Jibu lake lilitoka mwaka 1669 katika kitabu kidogo. Alisema miamba mingi ilianza kama tope na mchanga vilivyotulia majini, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini ndilo lililotangulia, isipokuwa kama kuna kitu kimeyapindua baadaye. Wanajiolojia wanaanzia hapo hadi leo.

Umeona? Swali la binti wa Handeni ndilo hilo hilo.

Mwaka ule ule wa 1666, huko Livorno, aliuona umati ukiandamana na Ekaristi siku ya Mwili na Damu ya Kristo. Akajiuliza: ama kile ni kipande cha mkate na hawa wote wamedanganyika, ama kweli ni Kristo, na kama ni Kristo, kwa nini mimi simheshimu? Hakukurupuka. Alisoma, akauliza, akaomba, na Novemba 1667 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1675 akawa padre, na 1677 askofu, akatumwa kaskazini mwa Ujerumani ambako Wakatoliki walikuwa wachache. Aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili asaidie maskini. Alifunga mno hata afya ikaporomoka, akafariki Schwerin mwaka 1686 akiwa na miaka 48. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988.

Niseme ukweli: baada ya upadre sayansi karibu aiache kabisa. Wapo wanaosikitika, na mimi nawaelewa. Ila sioni kwamba imani ilimziba macho. Macho yale yale yaliyoona meno ya papa ndiyo yaliyomtazama Kristo katika Ekaristi, halafu maskini mlangoni.

Na usidhani haya ni ya Ulaya tu. Simama Korogwe uitazame milima ya Usambara. Huko juu, Magamba, mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Darasani alichekwa. Hakuliacha swali lake, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walichapisha makala iliyosomwa duniani.

Basi nilirudi darasani, nikamwomba yule binti msamaha mbele ya wenzake. Alisema tu, sawa Frateri, akainamisha kichwa. Nilidhani nimechelewa. Baada ya likizo akaleta daftari. Alikuwa Korogwe kwa shangazi yake, na upande wa kushoto amechora ukingo wa Mto Pangani, tabaka kwa tabaka, na swali jipya chini yake. Jibu lake sinalo. Nilimwandikia hivyo hivyo, kwa kalamu ya bluu.

Zoezi letu wiki hii: chukua daftari lako, la shule au la sala. Kulia andika ulichofundishwa, iwe ni notisi au Injili ya Jumapili. Kushoto andika ulichokiona mwenyewe na usichokielewa, na uanze kwa jina la Yesu. Na kama wewe ni mwalimu, kaka au dada mkubwa, angalia hiyo kalamu yako nyekundu.

Mwenyeheri Nikolao Steno, utuombee.