Alexander Graham Bell

Alexander Graham Bell (Edinburgh, Uskoti, 3 Machi 1847 – Baddeck, Kanada, 2 Agosti 1922) alikuwa mwalimu wa viziwi, mwanasayansi na mvumbuzi aliyepewa hataza ya kwanza ya simu nchini Marekani mwaka 1876. Ndiye pia aliyepata hataza ya kusokota nyaya mbili za simu pamoja, njia ambayo bado inatumika katika nyaya za simu za majumbani na za mitandao ya kompyuta.

Maisha ya awali

Bell alizaliwa katika familia ya walimu wa matamshi. Babu yake na baba yake, Alexander Melville Bell, walifundisha ufasaha wa kusema. Baba alibuni mfumo wa alama za kuandika unaoonyesha jinsi midomo, ulimi na koo vinavyotoa kila sauti. Mama yake, Eliza Grace Symonds, alikuwa mchoraji na mpiga piano ambaye masikio yake yalianza kufa Bell alipokuwa kijana mdogo. Bell alijifunza kuzungumza naye kwa sauti nzito karibu na paji la uso wake, ili apate kuhisi mitetemo ya maneno. Hivyo swali la jinsi sauti inavyosafiri lilikuwa jambo la nyumbani kwake tangu utotoni.

Ndugu zake wawili, Edward na Melville, walikufa kwa kifua kikuu mwaka 1867 na 1870. Alexander naye alikuwa na afya dhaifu. Wazazi waliogopa kumpoteza mtoto wa mwisho aliyebaki, wakahamia Brantford, Ontario, nchini Kanada, mwaka 1870.

Mwaka 1871 Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha katika shule ya watoto viziwi. Mwaka 1873 aliteuliwa kuwa profesa wa elimu ya sauti katika Chuo Kikuu cha Boston. Mmoja wa wanafunzi wake wa binafsi alikuwa Mabel Hubbard, aliyepoteza uwezo wa kusikia utotoni kwa sababu ya homa ya vipele vyekundu. Baadaye alikuwa mke wake.

Uvumbuzi wa simu

Wakati huo habari za haraka zilipelekwa kwa telegrafu, na waya mmoja uliweza kubeba ujumbe mchache tu kwa wakati mmoja. Bell alitafuta namna ya kupitisha ujumbe mwingi pamoja, kila mmoja kwa toni yake. Gharama zililipwa na Gardiner Hubbard, baba yake Mabel, na Thomas Sanders, ambaye mtoto wake kiziwi alifundishwa na Bell. Fundi Thomas Watson alimsaidia kutengeneza vifaa.

Tarehe 2 Juni 1875 ulimi mmoja wa chuma katika kifaa cha Watson ulikwama. Alipouvuta kwa kidole, Bell aliyekuwa chumba kingine alisikia sauti yake kupitia waya. Akatambua kwamba mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kama mawimbi ya sauti unaweza kubeba hata maneno. Hubbard alitaka kazi ya telegrafu imalizwe kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyoona ingeleta fedha, lakini Bell hakuiacha simu.

Ombi lake la hataza lilifikishwa katika ofisi ya Washington tarehe 14 Februari 1876. Siku hiyohiyo Elisha Gray aliwasilisha taarifa ya kisheria kuhusu kifaa kinachofanana. Bell alipewa hataza namba 174,465 tarehe 7 Machi. Siku tatu baadaye Watson alisikia kupitia waya maneno ya Bell yakimwita kutoka chumba cha pili.

Juni 1876 simu ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, ambako Kaizari Pedro II wa Brazil alikuwa kati ya waliostaajabu. Kampuni ya Simu ya Bell iliundwa Julai 1877. Siku chache baadaye Bell alimwoa Mabel na kumpa zawadi karibu hisa zake zote, akibakiwa na 10 tu.

Mgogoro wa hataza

Kampuni ya telegrafu ya Western Union ilianza biashara ya simu kwa kutumia vifaa vya Gray na Thomas Edison. Kampuni ya Bell ilishtaki, na mwaka 1879 Western Union ilikubali kujitoa. Kesi nyingine nyingi zilifuata. Mwaka 1888 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha haki ya Bell kwa kura 4 dhidi ya 3.

Ubishi haukuisha. Wapo wanaodai kwamba Bell au mawakili wake walipata kuona taarifa ya Gray, kwa sababu kifaa kilichotoa maneno ya kwanza kilitumia kimiminika kama Gray alivyoeleza. Wengine wanamtaja Mwitalia Antonio Meucci, aliyetengeneza vyombo vya kusafirisha sauti miaka mingi kabla lakini hakuwa na fedha za kuendelea kulipia ilani yake ya hataza. Mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumtambua Meucci. Bunge la Kanada likajibu kwa azimio la kumtambua Bell.

Nyaya mbili zilizosokotwa

Simu za kwanza zilitumia waya mmoja wa chuma, na ardhi ikafanya kazi ya waya wa kurudi. Tatizo lilikuwa kelele: umeme wa nyaya za telegrafu zilizo jirani uliingia katika simu, na mazungumzo ya watu wengine yakasikika. Mwaka 1881 Bell alipata hataza namba 244,426 ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa kama nyuzi za kamba. Kwa kuwa nyaya hizo hubadilishana nafasi kila mara, usumbufu wa nje huzifikia zote mbili kwa kiasi kilekile. Simu husikiliza tofauti kati ya nyaya hizo mbili, na hivyo usumbufu hujifuta wenyewe.

Jozi hiyo ya nyaya ndiyo iliyoingizwa katika nyumba kote duniani. Ndani ya nyumba soketi zote za simu huunganishwa sambamba kwenye jozi moja, na kituo cha simu huipa umeme wa takriban volti 48. Ndiyo sababu simu ya zamani hufanya kazi hata umeme wa nyumba unapokatika.

Nyaya hizo zinaweza pia kubeba simu ya intaneti. Adapta hugeuza sauti iliyokuja kwa intaneti kuwa mkondo wa simu ya kawaida, nayo hutoa umeme na mlio wa kuita badala ya kituo. Ikichomekwa katika soketi moja, soketi nyingine zote hupata huduma. Lakini lazima nyaya za nyumba zitenganishwe kwanza na waya unaotoka nje, kwa maana umeme wa kituo unaweza kuiharibu adapta. Tena, umeme wa nyumba ukikatika, simu hiyo hunyamaza isipokuwa kuna betri ya akiba.

Kazi nyingine

Mwaka 1880 Ufaransa ilimpa Bell Tuzo ya Volta ya faranga 50,000. Mwaka huo yeye na Charles Sumner Tainter walisafirisha sauti kwa mwali wa mwanga. Mwaka 1882 alipata uraia wa Marekani. Kikundi cha warubani na wahandisi alichokiunda kilirusha ndege ya Silver Dart huko Baddeck mwaka 1909, na mashua yake ya HD-4 ilivunja rekodi ya mwendo majini mwaka 1919.

Bell na viziwi

Bell alijiona kwanza kuwa mwalimu wa viziwi. Ndiye aliyewaelekeza wazazi wa Helen Keller mahali pa kupata mwalimu, na urafiki wake na Helen ulidumu hadi kifo. Hata hivyo alipinga matumizi ya lugha ya alama shuleni, akitaka viziwi wafundishwe kusema na kusoma midomo. Mwaka 1883 alitoa maandishi yaliyoonya dhidi ya ndoa kati ya viziwi. Kwa sababu hiyo viziwi wengi humkumbuka kama mtu aliyedhoofisha lugha na jumuiya yao.

Kifo na kumbukumbu

Bell na Mabel walikuwa na mabinti wawili, Elsie na Marian. Wana wao wawili walikufa wakiwa wachanga. Alifariki kwa matatizo ya kisukari nyumbani kwake Beinn Bhreagh, Baddeck, tarehe 2 Agosti 1922. Wakati wa mazishi yake, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Mabel alimfuata Januari 1923. Kipimo cha ukubwa wa sauti, desibeli, kimepewa jina lake.