Mtu wa Siku Moja?

Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke mabishano ya soka hayaishi hata baada ya adhana ya Isha. Wazee bado wanasimuliana mechi ya Nyamagana, Mwanza, ya tarehe 10 Agosti 1974, ambapo Gibson Sembuli aliisawazishia Yanga dakika ya 87 na Sunday Manara akaimaliza Simba katika muda wa nyongeza. Kwa goli moja mtu hupewa sifa ya maisha; kwa penalti moja iliyopaa, mwingine hunyang'anywa sifa ya miaka kumi.

Huko Marekani ubishi wa namna hii umo katika mchezo wa besiboli. Mashabiki huapa kwamba wapo wapigaji ambao mkono wao hupata nguvu pale timu inapokaribia kushindwa. Mwaka 1977 mtaalamu wa takwimu Richard Cramer alilinganisha hesabu za misimu ya 1969 na 1970, akaona kwamba waliong'ara wakati wa shida katika msimu wa kwanza hawakuwa ndio wale wale katika wa pili. Mpigaji hodari, kwa hesabu zake, ni hodari siku zote. Mashabiki hawakuridhika, na hatuwalaumu.

Leo tunapenda kumkumbuka jirani yetu ambaye wengi humjua kwa alasiri moja tu. John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda, mtoto wa chifu mwenye wake wengi. Aliingia polisi, na huko Kampala akaangukia mikononi mwa mwalimu wa riadha Mwingereza, Malcolm Arnold. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 alikuwa wa nne katika mita 400 kuruka viunzi. Nani humkumbuka mtu wa nne? Lakini mwaka uliofuata, huko Durham, North Carolina, alikimbia kwa sekunde 49.0, na hakuna aliyemzidi duniani mwaka ule. Alijifua akiwa amevaa fulana iliyotiwa uzito, akiruka viunzi kwa masafa marefu kuliko ya mashindano yenyewe.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali ambayo wakimbiaji huiogopa. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mwanadamu aliyewahi kushuka chini ya 48 kabla yake. David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa na rekodi ya 48.12, alipata nafasi ya tatu. Akii-Bua hakusimama, aliendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi kwa furaha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Waliosema kwamba ilikuwa bahati ya siku moja hawakutazama Lagos mwaka 1973, aliposhinda Michezo ya Afrika. Jibu kamili lilikuwa litolewe Montreal mwaka 1976. Nchi za Afrika zilisusia michezo ile kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Hatujutii uamuzi ule. Hata hivyo, ni haki kusema nani alilipa: Filbert Bayi wetu alilipa, na Akii-Bua alilipa. Mbio zile alishinda Edwin Moses wa Marekani kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Munich ikaondoka bila mwenyewe kuwapo uwanjani kuitetea. Hapa ndipo tunapowaomba Maafisa Utamaduni wa wilaya zetu, Bara na Visiwani, waandike muda, tarehe na mahali pa kila mwanamichezo wao. Masimulizi huhifadhi goli la mwisho, hayahifadhi mazoezi wala safari zilizofutwa.

Idi Amin alikuwa amempa nyumba na cheo, na barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake, wakati ambapo Walango wenzake waliuawa kwa maelfu. Vita vilipofika mwaka 1979 alikimbilia Kenya na jamaa yake, akawa mkimbizi kambini. Kampuni ya viatu ya Puma ilimchukua Ujerumani. Moscow mwaka 1980 alitolewa katika nusu fainali, umri na misukosuko vikiwa vimemshinda.

Alirejea Uganda, akafundisha riadha na kuendelea na kazi ya polisi, hadi alipofariki Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47. Serikali ilimzika kwa heshima za taifa. Uganda ilingoja dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi London mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni, na siku ile redio zililitaja tena jina la Akii-Bua, pamoja na Munich.