Maisha ya Mwandishi: Euripides

Euripides alizaliwa Ugiriki takriban mwaka wa 480 K.K., akaandikia jukwaa la Athene, na akafariki Makedonia mwaka wa 406 K.K. Aliandika tamthilia 90 hivi. Katika mashindano, alishinda mara nne pekee akiwa hai.

Mwanafunzi, kumbuka mwaka wa 415 K.K. Miezi michache awali, jeshi la Athene lilikuwa limeteka kisiwa cha Melos, likawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Euripides akawaonyesha Waathene hao hao tanzia yake, Wanawake wa Troya. Humo, mji umeteketea. Malkia Hekuba na wenzake wanangoja kugawiwa washindi kama ngawira. Mjukuu wake mdogo anatupwa kutoka ukutani. Siku hiyo, Euripides alipewa nafasi ya pili.

Mkiiigiza shuleni Kitengela au Kajiado, msihangaikie maleba ya askari wala mapanga. Hakuna pigano jukwaani. Waketisheni wanawake chini, mizigo kando yao. Ngao ni moja tu: ya Hektor, babake mtoto, ambayo maiti ya mtoto huyo inaletwa juu yake. Zamani wahusika wote waliigizwa na wanaume waliovaa barakoa; leo wasichana wanaweza kusema wenyewe.

Zingatia: Ukiulizwa dhamira, usiseme tu kwamba vita ni vibaya. Eleza nani anaumia, kisha ueleze ni nani aliyeketi akitazama.