Hemingway: mwanaume wa nguvu na giza la moyo

Wavuvi wa Tchomia na Kasenyi wanajua Butiaba, bandari ya Uganda ng'ambo ya ziwa Albert. Tarehe 24 Januari 1954, ndeke ndogo iliwaka moto pale ikijaribu kuruka. Ndani yake alikuwa Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, pamoja na bibi yake Mary. Mlango ulikataa kufunguka. Hemingway aliupiga kwa kichwa mpaka akatoka. Siku moja kabla, walikuwa wameanguka na ndeke nyingine karibu na maporomoko ya Murchison. Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba amekufa.

Alizaliwa 1899 karibu na Chicago, mtoto wa munganga. Watu walimuona mwanaume kweli kweli: vita, boksi, kuwinda simba Tanganyika. Mwaka ule ule wa 1954 alipata tuzo ya Nobel. Lakini baba yake alijiua mwaka 1928, na yeye mwenyewe miaka mingi alibeba ugonjwa wa moyo kushuka, ule wanganga wanaita depresioni. Leo Hemingway ana kazi na furaha nyingi, kesho giza tupu.

Pale Butiaba fuvu lilipasuka, na haikuwa mara ya kwanza kichwa chake kugongwa. Maumivu yalibaki, pombe ikaongezeka. Sisi wachimbaji tunajua hiyo: jiwe linaanguka kichwani, mtu anasimama, tunasema amepona. Kumbe kichwa kilichogongwa kinaweza kubadilisha moyo wa mtu, na pombe kali inaongeza giza.

Mwaka 1960 alianza kuamini kwamba polisi wanamufuata. Alilazwa hospitali ya Mayo kwa jina lisilo lake, watu wakaambiwa ni tension. Ni juu ya haya. Mwezi wa Aprili 1961 bibi yake alimukuta ameshika bunduki. Alirudishwa hospitali, kisha wakamuachilia. Nyumbani bunduki zilikuwa zimefungiwa, lakini funguo zilibaki mahali alipajua. Tarehe 2 Julai 1961 alijiua, akiwa na miaka 61. Bibi alisema ni ajali. Kusema ukweli kulichukua miaka. Baadaye dada yake Ursula na mdogo wake Leicester nao walijiua.

Ndugu zangu, katika sendika tunauliza juu ya kofia na mbao za shimo. Hatuulizi juu ya usingizi. Mwenzako akiacha kulala, akiacha kula, akigawa vitu vyake, akisema yeye ni mzigo kwa wengine, si ulozi wala si uoga. Ni ugonjwa, na unatibiwa. Mama, umuulize bwana yako wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumupatii lile wazo. Musimuache peke yake. Silaha na sumu vitoke nyumbani kabisa, visifungiwe tu. Kisha mumusindikize kituo cha afya, kwa jina lake mwenyewe.