Barghash: Sultani aliyeuletea Mji Mkongwe maji ya mfereji na hamamu

Sayyid Barghash bin Said hukumbukwa zaidi kwa Beit el-Ajaib, kasri aliloisimamisha Zanzibar mwaka 1883. Kwa mkazi wa kawaida wa mji ule, hata hivyo, jambo lake kubwa lilikuwa maji.

Barghash alikuwa mmoja wa wana wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye, Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili. Mwaka 1860, yeye akiwa huko, Bombay ilianza kupata maji ya mabomba kutoka bwawa la Vihar. Si ajabu kama wazo lake lilianzia hapo.

Alirejea, na Oktoba 1870, Majid alipofariki, akakalia kiti cha enzi. Mji aliourithi ulikuwa umetoka kufiwa na maelfu ya watu kwa kipindupindu. Wakazi walichota maji katika visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo, uchafu ukapenya humo. Aprili 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, na Juni 1873 Waingereza wakamshurutisha kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, biashara iliyokuwa imeijaza hazina ya ukoo wake. Fedha zilipungua, lakini ujenzi haukusimama.

Maji yaliletwa kutoka Chemchem, kaskazini mwa mji, kwa mfereji hadi mitaani. Watu waliyachota bila malipo.

Kisha akamwagiza Haji Gulamhussein ajenge hamamu ya umma kwa mtindo wa Kiajemi. Humo mlikuwa na vyumba vya joto, birika la maji baridi, vyoo na mahali pa kunyolea. Maji ya moto yalipitishwa chini ya ardhi ili kupasha sakafu. Mtaa mzima ukachukua jina la hamamu hiyo: Hamamni. Huko Maruhubi, katika kasri alilowajengea masuria wake, aliweka mabafu ya aina hiyo hiyo, ila hayo hayakuwa ya umma.

Barghash alifariki Machi 1888, baada ya Wajerumani na Waingereza kuimega milki yake ya bara. Hamamu iliendelea kupokea waogaji hadi 1920. Jengo lingalipo Mji Mkongwe. Wageni huingia kulitazama, na mabirika yake ni makavu.